Njia moja na mwendo mmoja, mbona akili yake imechangamka na yangu iko vilevile?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 52, mhasibu wa SACCOS hapa Tanga. Huu ni mwezi wa nne natembea na wifi yangu barabara ya Raskazone, kwenda na kurudi dakika 45, siku tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni. Wifi ana miaka 61, ni mwalimu mstaafu, na alianza baada ya kukutwa na presha na kuandikiwa dawa. Mimi nilimsindikiza tu, halafu nikasikia kwamba mazoezi yanaongeza akili. Njiani mimi ndiye mwenye hadithi, yeye huitikia kwa kuhema. Sasa anajisifu kwamba kichwa kimekuwa chepesi na hesabu za VICOBA anazimaliza jioni hiyo hiyo akitoka kutembea, bila kukosea. Mimi niko vilevile. Majina ya wanachama yananipotea, na nikifunga hesabu za mwezi narudia mara mbili mbili. Sina presha wala sukari. Nina mafua ya mzio tu, ambayo nayatuliza kwa Piriton kila usiku, na usingizi unakatika kwa sababu ya joto la ghafla. Mwanangu aliyeko Toronto anataka kunitumia kipimo cha vinasaba cha kutema mate, tujue kama mwili wangu ni wa kufaidika na mazoezi au la. Nikipime? Na nikikutwa si wa kufaidika, nihangaike na jasho la nini?

Jibu

Marahaba, dada. Mwambie mwanao kipimo cha mate asikitume, na kutembea usiache. Hilo ndilo jibu fupi. Lakini kwenye barua yako kuna mambo manne au matano uliyoyataja kwa kupita tu, na mimi naona yamebeba jibu kuliko hayo ya vinasaba.

Nianze na kauli yako kwamba wewe na wifi mnafanya mazoezi yale yale. Hamfanyi. Mnapita njia moja kwa mwendo mmoja, basi. Mtu anayetembea kilomita tano kwa saa hutumia nishati takriban mara tatu na nusu ya ile anayotumia akiwa ameketi kimya. Hapo mko sawa. Mnapoachana ni kwenye uwezo wa mwisho wa kila mmoja. Mstaafu wa miaka 61 ambaye hakuwa na mazoea ya kutembea anaweza kuwa na uwezo wa mara sita tu. Mwendo wenu unamla zaidi ya nusu ya nguvu zote alizonazo. Mwanamke wa miaka 52 mwenye afya anaweza kufika mara tisa au kumi, na mwendo huo huo ukamgharimu theluthi na kidogo. Wala huhitaji mashine kujua nani yuko wapi. Anayeweza kusimulia mkasa mzima bila kukata pumzi yuko kwenye mazoezi mepesi. Anayeweza kutoa sentensi fupi lakini hawezi kuimba yuko kwenye ya wastani. Anayetoa neno moja moja amefika kwenye makali. Wewe ndiye mwenye hadithi, wifi anaitikia kwa kuhema. Kwa hiyo wifi amefanya mazoezi miezi minne, na wewe umemsindikiza, kama ulivyoandika mwenyewe.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2017 David Montero na Carsten Lundby wa Chuo Kikuu cha Zurich walichapisha jaribio ninalolipenda kwa jinsi lilivyo rahisi. Walichukua watu wazima 78 wenye afya, wakawagawa makundi matano, wote wakaendesha baiskeli ya mazoezi kwa vipindi vya saa moja: kundi la kwanza mara moja kwa wiki, la pili mara mbili, mpaka la tano mara tano. Baada ya wiki sita, asilimia 69 ya wale wa mara moja hawakuonyesha maendeleo ya maana. Kwa wale wa mara mbili ilikuwa asilimia 40, kwa wale wa mara tatu 29. Kwa wale wa mara nne na wa mara tano, hakuna aliyebaki nyuma. Kisha wale walioonekana hawafaidiki wakapewa wiki sita nyingine, zenye vipindi viwili zaidi kila wiki, na wote wakapanda. Wangeachiwa pale pale mwanzoni, wangerudi nyumbani wakiamini miili yao haipokei mazoezi.

Sisemi urithi hauna lake. Utafiti mkubwa wa HERITAGE, ulioongozwa na Claude Bouchard, ulizichukua familia nzima nzima Marekani na Kanada, wazazi na watoto ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi, ukawafundisha wote kwa wiki 20 kwa utaratibu mmoja unaopimwa kwa mapigo ya moyo. Wapo ambao uwezo wao wa kutumia oksijeni haukusogea karibu kabisa, na wapo waliopanda kwa zaidi ya lita nzima kwa dakika. Watu wa familia moja walielekea kufanana, na watafiti wakakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti hiyo inatokana na familia. Hivyo ukoo una nguvu. Lakini hapo ni pale ambapo kila mtu amepewa dozi inayolingana na mwili wake, jambo ambalo kwenu halijatokea.

Hayo yote ni ya moyo, mapafu na misuli. Kichwa kina hesabu zake.

Misuli ikifanya kazi kwa bidii, damu inayopita kwenye ubongo huongezeka kwa muda, misuli na ini humwaga kemikali zinazofika mpaka ubongoni, na ubongo wenyewe hutengeneza kwa wingi zaidi protini iitwayo BDNF, inayosaidia chembe za neva kuishi na kuunganika. Hadithi hii husimuliwa kana kwamba ukishaanza kutembea, akili yote inapanda kwa pamoja. Haiko hivyo. Mwaka 1999 Arthur Kramer na wenzake, Marekani, walichapisha jaribio la wazee 124 wa kati ya miaka 60 na 75: nusu walitembea, nusu walijinyoosha viungo, kwa miezi sita. Waliotembea waliboreka kwenye kazi za akili zinazodai kujizuia, kupanga, na kuhama haraka kutoka jambo moja kwenda jingine. Kwenye kazi nyingine za akili hawakuwa na la kujivunia.

Nikueleze kazi moja ya aina hiyo, maana inafanana na ofisi yako kuliko unavyofikiri. Unapewa karatasi yenye majina ya rangi. Neno NYEKUNDU limechapwa kwa wino wa kijani, BLUU kwa wino mwekundu, KIJANI kwa wino wa bluu. Unaambiwa usisome neno, utaje wino. Hapo ndipo mtu anapojua kwamba kusoma ni tabia isiyoomba ruhusa: mdomo unataka kusema "nyekundu" na wewe unatakiwa useme "kijani", mstari baada ya mstari, saa inakwenda. Kinachopimwa ni uwezo wa kuzuia jibu la haraka ili la kweli lipite. Mhasibu anayepitisha macho kwenye vocha 200 na kugundua kwamba 5,600 imeandikwa 6,500 anatumia uwezo huo huo. Teresa Liu-Ambrose wa Vancouver alitumia kipimo hiki kwa wanawake 155 wa miaka 65 hadi 75, na mwaka 2010 akaonyesha kwamba waliobeba vyuma mara moja au mbili kwa wiki kwa mwaka mzima waliboreka kwa asilimia kati ya 10 na 13, wakati waliofanya mazoezi ya mizani na kujinyoosha hawakwenda popote. Vyuma, dada. Wengi wenu mnadhani habari ya akili ni ya watembezi na wakimbiaji peke yao.

Sasa angalia mnachopimia. Wifi anapimia hesabu za VICOBA, yaani umakini na kujizuia, eneo lile lile ambalo mazoezi yameonyesha nguvu zaidi. Wewe unapimia majina ya watu. Jina la mtu ni kati ya mambo magumu kabisa kwa kumbukumbu, kwa sababu halina cha kulishikilia: ukisahau "mwashi" unaweza kusema "yule anayejenga", ukisahau "Mwanaidi" huna njia ya kuzunguka. Kuanzia umri wako, watu wenye afya kamili huona majina yakichelewa kuja. Ungetembea mpaka Pangani na kurudi, sidhani kama lingekuwa jambo la kwanza kubadilika. Kurudia hesabu za mwezi ni habari nyingine, na hilo nitalirudia.

Kuna pia suala la mtu ameanzia wapi, na hapa sitakuficha, kwa sababu wanaouza programu za mazoezi huwa wanalificha. Mwaka 2023 Luis Ciria wa Chuo Kikuu cha Granada na wenzake walikusanya majaribio 109 ya watu wenye afya, jumla zaidi ya 11,000, wakayachambua upya. Faida ya mazoezi kwenye akili ilionekana ndogo, na walipozingatia jinsi majaribio yenye matokeo mazuri yanavyochapishwa kirahisi kuliko yale yasiyo nayo, ikawa ndogo zaidi, ya kutiliwa shaka. Miaka minane kabla yake, jaribio la LIFE la Marekani lilifuatilia watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, wote wa kukaa tu, kwa miaka miwili. Kwa wastani, waliofanya mazoezi hawakuwazidi kiakili waliopewa masomo ya afya. Ila walipotazamwa peke yao wale wa miaka 80 na kuendelea, na wale walioanza wakiwa dhaifu zaidi kimwili, hao waliofanya mazoezi walikuwa mbele kwenye kupanga na kujizuia.

Wastani wa sifuri unaweza kuwa umeficha watu wawili ndani yake, mmoja aliyepanda na mmoja ambaye hakuwa na pa kupanda. Wifi alianza akiwa na presha, umri mkubwa zaidi, mwili usiozoea. Alikuwa na nafasi. Wewe uliingia ukiwa mhasibu wa kila siku, akili inayonolewa kazini saa nane kwa siku. Kutoboreka kwako sana katika miezi minne kungeweza kuwa dalili kwamba hukuwa na upungufu ambao kutembea polepole kunaweza kuuziba.

Na muda pia. Dakika 45 mara tatu kwa wiki kwa wiki 17 ni kama saa 38. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulioongozwa na Joyce Gomes-Osman, uliopitia majaribio 98 ya wazee, ulikuta kwamba pale akili ilipoboreka, watu walikuwa wamefanya mazoezi kwa wastani wa saa 52 hivi, kwa muda wa miezi sita. Hujafika, na hizo zako 38 zilikuwa nyepesi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kilichobadilika kwa wifi ni kutembea peke yake. Barua yako inasema vingine. Dawa ya presha na kutembea vilianza karibu pamoja. Presha inapotulia, watu wengi hulala vizuri zaidi na maumivu ya kichwa hupungua, na kwa muda mrefu kuidhibiti kunalinda ubongo: jaribio la SPRINT MIND, lenye washiriki 9,361, lilionyesha mwaka 2019 kwamba kuishusha namba ya juu ya presha chini ya 120 badala ya kuridhika na chini ya 140 kulipunguza matukio ya akili kuanza kudhoofika kwa asilimia 19. Halafu hesabu za VICOBA anazifanya akitoka kutembea. Baada ya mwendo wa wastani wa dakika 20 na zaidi, umakini huchangamka kwa muda mfupi kisha hurudi ulikokuwa. Ni athari ndogo, lakini wifi anaidaka ikiwa bado moto. Wewe jioni hiyo unakwenda kupika, na vitabu vya hesabu unavikuta kesho asubuhi ofisini, athari yote imeshaisha. Mnafanya mtihani kwa saa tofauti kisha mnalinganisha alama.

Na tukiwa wakweli, wifi alipata hofu ya presha, akachukua hatua, na watu wanamsifu. Mtu wa namna hiyo huona kila hesabu iliyokubali na husahau iliyokataa. Simdharau. Huenda kichwa chake kimechangamka kweli. Ninachosema ni kwamba kutoka nje, kwa kumsikiliza, hatuwezi kugawa sifa kati ya miguu, vidonge, usingizi na furaha.

Tuje kwako sasa, na hapa ndipo nilipoisoma barua yako mara ya pili. Piriton kila usiku.

Piriton, yaani klofeniramini, ni dawa ya mzio ya kizazi cha kwanza. Inaingia ubongoni bila shida, ndiyo maana inaleta usingizi. Ikishaingia inaziba kemikali mbili: histamini, inayotuweka macho, na asetilikolini, ambayo ubongo unaitegemea kwa umakini na kushika mambo mapya. Kwa mtu mzima, dawa hii huchukua karibu saa 20 kupungua nusu. Maana yake kidonge cha saa nne usiku bado kiko nawe saa nne asubuhi, ukiwa katikati ya vocha, na cha kesho kinaingia kabla cha leo hakijatoka. Usingizi wake nao ni wa kuzimika zaidi kuliko wa kupumzika. Watu huichukulia kama peremende kwa sababu inauzwa kila duka la dawa kwa bei ya chini. Kwa siku mbili tatu za mafua haina neno. Kila usiku kwa mwezi baada ya mwezi, kwa mtu anayelalamika kwamba umakini umepungua, ningeitoa kwanza kabla ya kulaumu jeni za ukoo. Nenda kwa mfamasia au daktari mzungumze kuhusu loratadini, au dawa ya kupuliza puani, ambayo kwa mafua ya mzio ya muda mrefu mara nyingi hufanya kazi vizuri zaidi. Huo ubongo wako unautembeza Raskazone saa kumi na moja jioni, na saa nne usiku unaufunga breki.

Joto la ghafla nalo si la kupuuza. Kwa miaka 52 hii ni kipindi cha hedhi kuelekea kukoma, na wanawake wengi hukaa kimya kuhusu kichwa kinavyokuwa kizito wakati huo, wakidhani ni uzee au uchawi wa kazini. Utafiti wa SWAN wa Marekani ulifuatilia wanawake 2,362 kwa miaka minne, ukawapima kumbukumbu na kasi ya kufikiri mara kwa mara. Kwa kawaida mtu akirudia kipimo hupata alama zaidi kwa mazoea tu. Wanawake waliokuwa kwenye mpito huo hawakupata nyongeza hiyo kama wenzao, na walipovuka mpito wakaipata tena. Matokeo yalitoka mwaka 2009, na nayaona ni habari njema: ni kipindi, kina mwisho. Usiku unaokatika mara tatu kwa jasho ungemfanya hata kijana wa miaka 25 arudie hesabu zake mara mbili. Ikiwa joto hilo linakuzidi, yapo matibabu, na daktari wa magonjwa ya wanawake atakueleza yanayokufaa.

Umeona basi. Mazoezi yanaweza kuwa yamekusaidia kidogo, na Piriton pamoja na usingizi mbovu vikala kile kidogo.

Kuhusu mate ya Toronto. Jeni mbili ndizo zinazotajwa sana kwenye habari hii. Moja ni ile ya BDNF, yenye umbo liitwalo Val66Met; wenye Met hutoa protini hiyo kwa uchache zaidi neva zinapofanya kazi. Watafiti wengi walitarajia kwamba umbo hili litawagawa watu kati ya wanaofaidika na mazoezi na wasiofaidika. Matokeo yamegongana: jaribio moja linasema wenye Met wanafaidika kidogo, jingine linasema wanafaidika zaidi. Juu ya hapo, umbo la Met ni la kawaida Asia ya Mashariki, lipo kwa kiasi Ulaya, na ni nadra Afrika kusini mwa Sahara. Uwezekano mkubwa ni kwamba wewe na wifi wote hamna. Ya pili ni APOE, ambayo umbo lake la e4 huongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer. Hapo napo, utafiti wa miaka mingi uliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulikuta kwamba kwa Wayoruba e4 haikuwa na uzito ule unaoonekana kwa watu wa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo utapokea ripoti yenye rangi nzuri, iliyotengenezwa kwa takwimu za watu wasio wa ukoo wako, ikikutisha au kukupa matumaini bila msingi. Hakuna jibu lolote kwenye ripoti hiyo ambalo lingenifanya nikuandikie mazoezi tofauti na haya ninayokuandikia sasa. Hiyo pesa mwanao anunue viatu vizuri vya kutembelea akutumie, na jozi ya wifi asiisahau, msije mkagombania.

Ninachotaka ufanye kwa wiki 12 zijazo ni hiki. Siku moja kati ya zile tatu endelea na wifi kama kawaida, kwa ajili ya umbea, ambao nao una faida zake. Siku mbili nyingine tembea peke yako au na mtu wa mwendo wako, asubuhi kabla ya kazi kama nyumbani panaruhusu: dakika kumi za kupasha mwili, halafu dakika tatu kwa mwendo ambao hadithi inakatika, dakika tatu polepole, rudia mara nne au tano. Ongeza vipindi viwili vya nguvu, dakika 25 zinatosha, nyumbani: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, kusukuma ukuta, kunyanyua ndoo ya maji kutoka chini kwa mgongo ulionyooka, kupanda ngazi. Ukizoea, ongeza uzito. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Sasa hivi una 135, na nyingi ni nyepesi. Joto na unyevu wa Tanga kati ya Desemba na Machi si wa kuchezea, kwa hiyo miezi hiyo bora alfajiri kuliko jioni. Kifua kikibana, ukisikia kizunguzungu, au mapigo ya moyo yakirukaruka, simama na uende hospitali kabla ya kuendelea.

Ukiweza, badilisha njia. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi walipovalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo walionekana kuwa kwenye mwendo wa wastani na wa nguvu kwa takriban dakika 135 kwa siku, yaani wanamaliza kwa siku moja unachofanya wewe kwa wiki, na muda wote huo macho na kichwa viko kazini: nyayo, upepo, mzizi uko wapi, kurudi ni njia gani. David Raichlen, aliyeshiriki utafiti huo, pamoja na Gene Alexander wametoa hoja kwamba ubongo wa binadamu ulizoea kupata mwendo na kazi ya kufikiri kwa pamoja. Ni hoja bado, lakini haina gharama kwako. Raskazone unaijua mpaka mashimo yake. Pita mitaa ya Ngamiani siku moja moja.

Kujipima, acha kulinganisha na wifi. Chukua daftari uandike mambo mawili tu: ni makosa mangapi umeyakuta ulipohakiki kazi ya siku ile, na usiku uliotangulia uliamka mara ngapi. Usihukumu kwa siku moja wala wiki moja. Alama za akili hupanda na kushuka kwa sababu za chakula, kelele, mshahara kuchelewa. Linganisha wastani wa wiki tatu za mwanzo na wa wiki tatu za mwisho. Na tafadhali usibadilishe kila kitu siku moja. Shughulikia Piriton kwanza, kaa wiki tatu, ndipo uongeze makali ya kutembea. Tukivichanganya tutarudi pale pale kwa wifi, hatujui cha kushukuru.

Ukienda kwa daktari kwa habari ya dawa ya mzio, mwombe akupime wingi wa damu, tezi ya shingo, sukari na presha hata kama unaamini huna, na kama nyumbani husema unakoroma na pumzi kukatika usingizini, mwambie. Na nenda haraka, usingoje wiki 12, ukiona unauliza jambo lile lile mara kwa mara bila kukumbuka kwamba umejibiwa, au umepotea njia unayoijua, au hatua ya kufunga hesabu uliyoifanya miaka yote hujui tena inaanzia wapi. Kurudia hesabu kwa kutojiamini si dalili ya namna hiyo. Kusahau hesabu hufungwaje ni dalili.

Dozi ya wifi usiiguse, wala asije akaacha vidonge vya presha kwa kuwa kichwa kimekuwa chepesi. Mwambie nimesema mimi, maana wewe hatakusikiliza.